Mtani Wangu, Kocha

Kocha alinitukana kila siku ya kazi kwa miaka yote niliyokuwa msaidizi wake, na sikuruhusiwa kukasirika. Yeye Mluguru, mimi Mnyamwezi. Watani. Mtu wa kwetu akisikia hivyo haulizi zaidi. Mtani anakwambia lolote, mbele ya yeyote, nawe unacheka na kumrudishia, na ukinuna umeaibika wewe. Babu zetu walipita Morogoro na mizigo kichwani wakielekea pwani, wakagombana na wenyeji, wakapatana, wakaachiana ruhusa hii ya kusemana hovyo. Wao walishakufa zamani wakapumzika. Mimi ndiye niliyebaki na ruhusa yao, alfajiri, kwenye uwanja wa chuo uliojaa umande, mkononi nimebeba koni za mazoezi.

"Shikamoo Kocha."

"Marahaba mpagazi. Leo umeleta mzigo gani?"

"Nimeleta kamba, nikufunge usirudi mlimani kugombania mahindi na nyani."

Wanariadha wanacheka, yeye anacheka, tumbo linatikisika ndani ya traksuti, na siku imeanza. Wageni walituonea wivu. Waliona tunapendana sana. Labda tulipendana, mimi sijui. Ninachojua ni kwamba nilikuwa nimesomea michezo hapo hapo chuoni, wakanibakiza niwe msaidizi, na nilitaka jambo moja tu duniani: siku Kocha akistaafu, timu ya riadha ibaki kwangu. Kwa hiyo nilihitaji kujua kama aliniona nafaa. Na wallahi, sijawahi kuona mtu mgumu kumwuliza swali hilo kama yule mzee.

Alivaa traksuti ya chuo na viatu vya ofisini. Viatu vyeusi vya kamba, vimepigwa rangi hadi vinang'aa, uwanjani, masika na kiangazi. Ukimwuliza anasema raba ni za watu wanaokimbia, yeye kazi yake kusimama. Na kusimama alijua. Aliweza kusimama kwenye kona ya uwanja mazoezi yote bila kutoa neno, halafu akamwita mkimbiaji mmoja, akamwambia kitu sikioni, na yule akaondoka anakimbia tofauti. Nikimwuliza umemwambia nini, anajibu, "Nimemwambia akimbie kama ameacha maharage jikoni." Nikimwuliza mkimbiaji mwenyewe, anasema Kocha kamwuliza habari za mama yake. Sasa hapo mtu unajifunza nini?

Alikuwa na misemo yake, na timu nzima iliijua. "Nusu ya ukocha ni kunyamaza, nusu nyingine ni kutafuta maji." Kuhusu manahodha alisema, "Msimchague anayetangulia, chagueni anayesubiriwa." Huu wa nahodha ni kweli kabisa, nimeutumia na haujaniangusha. Ila mimi hakuniambia. Nilimsikia akimwambia Elia.

Elia alikuwa msaidizi mwenzangu, Mpare, kijana mpole aliyeniita dada, amekuja baada yangu. Wapare na Waluguru hawana utani wowote. Basi Elia alifundishwa kama mtu anavyofundishwa. Jioni Kocha alimkalisha kwenye kibaraza cha saruji karibu na tangi la maji, wakazungumza kwa sauti ya chini kama baba na mwana. Namna ya kumwambia binti kwamba jina lake halipo kwenye timu, na kwamba umwambie wewe mwenyewe, asubuhi, akiwa ameshakula. Namna ya kumjua mtu anayesingizia kuumia na anayeficha kuumia, na kwamba huyu wa pili ndiye wa kuogopa. Namna ya kumrudisha mazoezini mwanafunzi aliyetoka kumzika baba yake: usimpe pole uwanjani, mpe kazi ya kuhesabia wenzake mizunguko, atakimbia mwenyewe akichoka kuhesabu.

Mimi nilisikia haya nikiwa nakusanya koni. Nilijifunza kuzikusanya polepole. Nilikuwa naokota moja, naifuta vumbi, naisogelea nyingine, masikio yote kibarazani. Ukocha wangu mwingi nimeuiba namna hiyo, na nikisogea karibu zaidi Kocha ananiona, anageuza sauti pale pale: "We mpagazi, mzigo wenyewe koni, unajikongoja hivyo, ungefika Bagamoyo lini?" Elia anainama kwa aibu. Mimi nacheka. Ningefanyaje? Usiku nalala nikijiambia laiti ningezaliwa Mpare.

Mazoezi ya mlimani ndiyo aliyoyapenda kuliko yote. Tulipandisha barabara ya Morningside na wakimbiaji, yeye nyuma kwenye bodaboda, amekaa upande upande kama bibi harusi, viatu vyake havigusi tope. Siku moja alitusimamisha njiani, timu yote, akasema tusimame pembeni tuangalie. Tuangalie nini? Hasemi. Mara wakaanza kushuka akina mama wa huko juu, wamejitwika matenga ya ndizi na stroberi, wanateremka mwinuko ule mikono mitupu, wanapiga soga. "Shingo," akasema Kocha. "Angalieni shingo." Tukakodoa macho. Akina mama wakachukia, na walikuwa na haki. Mmoja akatuuliza kwa sauti ya kupanda na kushuka ya Kiluguru, "Mnakodolea nini? Kwenu hakuna wanawake?" Kocha akamjibu kwa Kiluguru, yule mama akamjibu zaidi, na Kocha akatuamuru tukimbie tuondoke haraka. Hilo ndilo lilikuwa somo la shingo. Hakulieleza tena. Kuna binti mmoja wa mita mia nane aliacha kuinamisha kichwa tangu siku ile, nakubali. Wengine wote tulijifunza kukimbia matusi.

Alikuwa mtu wa kuwahi kupita kiasi uwanjani, na mtu wa kuchelewa kila kikao. Alipiga marufuku chipsi mayai kwa timu nzima, na nyuma ya kantini alijulikana kwa jina la mteja wa kwanza. Nilimfumania siku moja, mdomo umejaa, kachumbari shavuni. Akatafuna, akameza, akasema, "Naonja ili niwakataze kwa uhakika." Alichukia makocha wanaofoka, na kweli hakuwahi kumfokea mwanariadha. Ila akiwa anaendeshwa kwenye gari lolote alimfokea dereva kuanzia stendi ya Msamvu hadi mwisho wa safari.

Safari mojawapo ilikuwa ya Dodoma, mashindano ya vyuo. Mbio za kupokezana vijiti za wasichana nilipanga mimi. Kocha aliniachia, akasema jino linamuuma. Nikamwondoa mwisho yule msichana mwenye kasi kuliko wote, nikamweka wa pili, maana alikuwa na mbio lakini akiona mgongo wa mtu mbele anapagawa. Mwisho nikamweka wa kawaida tu ambaye hababaiki. Kocha akausoma mpangilio wangu, akaguna, akanirudishia. Wasichana wakakimbia kama nilivyotaka, kijiti hakikuyumba hata mara moja, wakashinda. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Halafu nikasubiri. Nilisubiri jioni, nikasubiri kesho yake asubuhi, nikasubiri ndani ya basi. Neno moja tu, mzee wangu. "Umefanya vizuri." Hata "si vibaya."

Tulipofika Gairo basi likasimama, watu wakanunua karanga. Kocha akapanda na pakiti yake, akasimama katikati ya basi. "Jamani! Mnajua kwa nini kijiti hakikuanguka? Kwa sababu kilipangwa na mpagazi! Ukoo mzima wa huyu haujawahi kudondosha mzigo!" Basi zima likalipuka. Nikamwambia ukoo wake wenyewe haujawahi kubeba kitu zaidi ya kibuyu cha pombe, wakacheka tena, akaridhika, akakaa akala karanga zake. Mimi nikageukia dirishani. Hiyo ilikuwa sifa au ilikuwa nini? Hebu niambie wewe unayesoma. Nilifika Morogoro bado nalitafuna swali hilo.

Mkewe ndiye aliyenichanganya zaidi. Nilipougua malaria, Kocha alikuja chumbani kwangu, akasimama mlangoni, hakuingia, akasema amekuja kuangalia kama nimeshakufa ili agawe koni zangu. Nyuma yake akatokea mama mmoja mfupi amebeba chupa ya uji, akampiga kofi la begani. "Usimsikilize, mwanangu," akaniambia. "Nyumbani kwetu hakuna habari nyingine. Mnyamwezi kafanya hivi, Mnyamwezi kasema vile. Mpaka nimeanza kukuonea wivu." Kocha akaangalia juu kwenye dari. Nikanywa uji ule nikiwa na furaha ya kijinga. Kwa hiyo yapo maneno, nikawaza. Yapo, ila yanasemwa nisipokuwepo.

Basi ukafika mwaka wake wa kustaafu. Chuo kikaitisha kikao cha kumtafuta wa kumrithi, na mkuu wa michezo alikuwa mpya, mama mmoja aliyehamia kutoka Bukoba, mtu makini, mwenye haki, hakuwa amekaa kwetu hata muhula mmoja. Mimi na Elia tulikuwa tumeshahojiwa. Kilichobaki ni Kocha kuingia kutoa neno lake. Mimi nilikaa nje kwenye benchi la korido. Nilimwona akipita, amechelewa kama kawaida, akanikonyeza. Akaingia, mlango ukafungwa, na baada ya muda kidogo nikasikia kicheko. Kicheko kikubwa, cha watu wengi, cha kupiga meza. Nikashusha pumzi. Nikasema moyoni, hapo kanitania, mambo yangu yameiva.

Timu akapewa Elia.

Aliyenieleza ni mlezi wa bweni la wasichana, mama wa Kimorogoro aliyekuwemo kikaoni. Alianza kunisimulia akiwa bado anacheka, anadhani nimeshajua. Mkuu mpya alimwuliza Kocha waziwazi: huyu dada anafaa kuachiwa timu? Na Kocha, mzee yule, mwenye misemo yote ile ya nahodha na ya maji, akajibu: "Huyu? Huyu Mnyamwezi, mama. Hawa tangu enzi ni wa kubeba. Mpeni mizigo abebe, msimpe watu awaongoze." Wenyeji wote wakavunjika mbavu, maana kwao hayo ni mapenzi, ni sawa na kusema mpeni hata leo. Yule mama wa Bukoba akatabasamu kwa heshima, akayaandika maneno hayo kama yalivyo.

"Na hakuna aliyemweleza?" nikauliza.

Kicheko kikamwishia mlezi wa bweni. "Mwanangu, sisi tulijua anajua."

Nilimkuta Kocha kwenye kona yake ya uwanja. Siku hiyo sikusema shikamoo. Nikamwambia twende sasa hivi, mimi na wewe, ofisini kwa mkuu, umwambie ulikuwa unatania. Akashtuka kweli, nilimwona. Akasema atakwenda. Kesho yake akasema atakwenda. Wiki iliyofuata nikamfuata tena, akaanza kuchora mistari kwenye vumbi kwa ncha ya kiatu.

"Nikaseme nini pale?" akasema. "Kwamba nilikuwa natania? Utani ukishaelezwa si utani tena, ni matusi."

"Basi yawe matusi! Mimi nataka kazi!"

"Na mtani haombwi radhi. Nikikuomba radhi, tumevunja."

"Tuvunje, Kocha! Vunja! Nani kakwambia nautaka?"

Akanyamaza. Nusu ya ukocha ni kunyamaza, sivyo? Hakwenda ofisini. Hakwenda siku ile, hakwenda kabisa. Alistaafu, wakampa cherehani na mashuka kwenye sherehe ndogo, akatoa hotuba ya kuchekesha, akarudi kwao Mgeta kulima kabichi.

Kilichoniumiza wakati ule hata si kazi peke yake. Ni kwamba nilianza kujiuliza. Mtu anakutania kwa miaka yote hiyo, na utani mmoja tu unaotoka mbele ya watu wenye uamuzi unatoka umenyooka namna ile, hauna hata mkia wa kuonyesha ni utani. Vipi kama hakuwa anatania? Vipi kama ile ndiyo siku pekee Kocha alinipa jibu langu? Nikikumbuka maneno ya mkewe napata nafuu. Nikikumbuka kibaraza na Elia, nafuu inaondoka.

Elia hana kosa. Ni kocha mzuri, na kila jioni ananiuliza, dada, huyu nimweke wapi, na yule nimwambieje, nami namweleza. Koni bado nabeba mimi. Mpeni mizigo abebe. Wakanipa.

Halafu mwaka jana tukapata habari kwamba mke wa Kocha amefariki. Chuo kikatoa gari, tukapanda Mgeta, ukungu umeziba matuta ya mboga, gari linateleza, Elia anasali kimyakimya. Sikutaka kwenda. Nilikwenda kwa ajili ya yule mama wa uji. Lakini msibani kwa Waluguru mtani hakai na wageni akalia. Mtani ana kazi yake. Sikuwa nimekanyaga vizuri uani kabla dada zake marehemu hawajaniona na kunishika mikono: mtani wetu huyo, jamani fanya kazi yako, tumelia mno, tuchekeshe kidogo. Kocha alikuwa amekaa kwenye mkeka chini ya turubai. Amekonda. Traksuti hana, amevaa shati jeupe, na lile tumbo limekwisha. Nikampa shikamoo yangu. Akaitikia marahaba, bila mpagazi, bila chochote.

Nikafanya kazi yangu. Nikaenda jikoni kwenye masufuria, nikampokonya mwiko mama aliyekuwa akisonga ugali, nikasimama nao katikati ya ua. Nikatangaza kwamba hapakuliwi chakula, hagusi mtu sahani, mpaka mfiwa ajibu mashtaka. Watu wakashangilia. Walikuwa wameshakaa na kilio kwa muda mrefu, unajua, walikuwa wananisubiri.

Nilidhani nitasema mambo ya kawaida, nyani, pombe, kabichi. Nikafungua mdomo na yakatoka mengine.

"Mzee huyu ameniua," nikasema. "Mnamwona amekaa kama mtakatifu? Nilimtumikia ujana wangu wote. Nilimwuliza jambo moja tu, kama nafaa. Akaniziba mdomo kwa vichekesho. Na siku alipoulizwa na wakubwa akasema mimi ni wa kubeba! Nimebeba hadi leo! Mwoga huyu! Ameogopa kuonekana hana ucheshi, akanizika mzima mzima! Na marehemu alijua, na ndiye pekee aliyenisemea, na sasa mmemzika!"

Jamani, walivyocheka. Mabibi walishikana. Dada wa marehemu alikaa chini kabisa, anafuta machozi kwa khanga, anasema mtani huyu anajua, mtani huyu wa kweli. Mimi nimeushika mwiko kwa mikono miwili, na wao wanashangilia. Nilikuwa nimepata mahali pa kusema ukweli wangu mbele ya ukoo wake wote, na mahali penyewe palikuwa pale pekee ambapo hakuna anayeuamini.

Kocha hakucheka. Alinitazama, halafu akajiinua kwenye mkeka, taratibu, kwa mikono. Elia alitaka kumsaidia, akamkataza. Watu wakamgeukia wakisubiri amrudishie mtani.

"Anasema kweli," akasema Kocha. "Nilimkosea. Alikuwa anafaa kuliko mimi."

Kicheko kilichopasuka hapo kilizidi cha mwanzo. Kocha bwana! Hata kwenye msiba wa mkewe!

"Simtanii," akasema.

Wakapiga makofi. Mzee mmoja alikohoa kwa kucheka mpaka akapigwa mgongoni.

"Nasema simtanii! Nisikilizeni!" Sauti yake ilikuwa imepanda, mtu ambaye sijawahi kumsikia akifoka nje ya gari, na kadiri alivyopaza ndivyo walivyozidi kuanguka, wengine wakimwigiza, "Simtanii! Simtanii!" Akageuka kwangu. Alikuwa ananiangalia mimi peke yangu sasa, midomo inakwenda, simsikii kwa kelele, na nikajua anasubiri nimwamini angalau mimi.

Na mimi, kwa hasira na kwa mazoea, nikacheka. Kicheko kilinitoka tu. Nilipofanikiwa kukizuia, alikuwa ameshakaa.